Matundu ya Maski ya Pua

Siku ya kwanza kazini nilinusishwa mpira. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka kwetu upande wa Tetu nikiwa na viatu vya dada yangu vilivyonibana, na nilidhani nitapewa kofia nyeupe na kipimajoto. Badala yake Metroni, mwanamke wa Meru mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, alinipeleka nyuma ya chumba cha upasuaji. Palikuwa na chumba kidogo chenye sinki mbili na dirisha moja. Alichukua maski nyeusi kutoka kwenye rafu akaniwekea puani.

"Nusa," alisema. "Inanuka nini?"

"Sabuni, Metroni."

"Sabuni. Ati sabuni! Mtu wa operesheni anawekewa hii kwa uso ndio alale. Pengine kitu ya mwisho anajua hapa duniani ni hiyo harufu. Mwenye aliosha hii nilimfukuza Ijumaa. Wewe ndio umekuja mahali yake."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya vifaa katika hospitali moja ya misheni mjini Nyeri, na sikuiacha mpaka nilipostaafu. Watu waliniita Sista ingawa sikuwahi kuwa nesi. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha, baadaye nilichoka, na mwisho nilianza kuitika. Mjukuu wangu anasomea ufundi wa vifaa vya hospitali na ndiye aliyenisukuma niandike haya. Anasema wenzake hawaamini kwamba kuna mtu aliyeosha maski maisha yake yote. Basi na waamini.

Miaka hiyo ya mwanzo baada ya uhuru, maski za kumlaza mgonjwa wa upasuaji zilikuwa za mpira mweusi. Ukingo wake ulijazwa hewa kwa bomba la sindano ili ukae vizuri usoni. Kila maski ilipotoka kwa mgonjwa tuliiosha kwa maji vuguvugu, tukaisuuza mara tatu, kisha tukaijaza hewa na kuizamisha kwenye karai la maji. Mapovu yakipanda, basi kuna tundu, na maski hiyo ilikatwa kwa makasi papo hapo ili mtu asije akaona huruma na kuirudisha kwenye rafu. Metroni alitufundisha kwamba mpira una maadui watatu: moto, mafuta na jua. Niliyakariri hayo kama mtoto wa katekisimu. Kwa miaka saba hakuna maski iliyopita mlango wangu ikitoa povu, na nilijivuna kwa hilo kuliko ilivyonipasa.

Kutoka hapo nilihamishiwa kituo kidogo cha misheni karibu na Sagana. Msimamizi wa Kituo alikuwa askari mstaafu, mtu wa kutembea upesi na kusimama ghafla. Tulikuwa na mitungi miwili tu ya oksijeni, hewa safi ya kumsaidia mgonjwa aliyeishiwa pumzi, na ule wa pili ukiisha tulitegemea lori la kutoka Nairobi ambalo lilikuja lilipopenda. Kila asubuhi msimamizi aliinamisha sikio kwenye kila kiungo cha bomba, kisha akaniita nami niiname.

"Umeskia?"

"Sijasikia kitu, Bwana Msimamizi."

"Skiza tena. Kuvuja ni wizi, Nyaguthii. Na ukiskia unyamaze, mwizi ni wewe."

Ni yeye pia aliyenifundisha kuwafuta wagonjwa nyuso kabla ya kuwapa oksijeni. Watu wetu wakati wa baridi hujipaka mafuta mazito usoni mpaka wanang'aa, na mafuta na oksijeni havipatani hata kidogo, vinaweza kushika moto. Akina mama walinuna kwa kufutwa uso mbele ya watu. Nilisemwa sana Sagana, lakini sikuacha.

Baada ya Sagana nilikaa Karatina miaka mingi, na huko ndiko plastiki ilikonikuta. Maski zikaja angavu, nyepesi, zimeandikwa kwamba zitumike mara moja zitupwe. Nesi Mkuu wa huko aliyasoma maandishi hayo kwa sauti, akatazama kabati lililokuwa karibu tupu, akaniambia, "Sista, wenye waliandika hivi hawajawahi kufika Karatina." Tukaziosha. Nawaambia ukweli ilivyokuwa, msije mkadhani tulikuwa watakatifu.

Niliporudi Nyeri nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na chumba changu cha zamani kilikuwa na sinki nne na wasichana wawili wa kunisaidia. Ndipo alipokuja Daktari wa Kifua. Alikuwa kijana wa Murang'a aliyesomea ng'ambo, mwerevu, mwenye haraka, na mwenye tabia ya kuandika kwenye faili kabla mgonjwa hajamaliza kusema. Alikuja na masanduku sita. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na mashine yenye ukubwa wa redio ya betri, bomba refu lenye mikunjo, na maski ndogo ya pua. Jina la mashine ni herufi nne za Kizungu, CPAP. Sisi tuliita sipapu.

Kazi yake si ngumu kueleza. Kuna watu ambao wakilala, nyama za koo hulegea zikaziba njia ya pumzi. Mtu anakoroma, kisha ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akitweta, na hivyo mpaka asubuhi bila yeye mwenyewe kujua. Mchana anasinzia popote. Sipapu haitoi oksijeni na haitoi dawa. Inasukuma hewa ya kawaida kupitia puani kwa nguvu kidogo, hewa hiyo inashikilia koo lisifunge, na mtu analala kama watu wengine.

Maski yake nilipewa mimi niisimamie, niwafundishe watu kuitumia na kuibadilisha vipande. Kinachogusa uso huitwa mto, kipande laini cha silikoni, kitu kinachofanana na mpira ila ni angavu na laini zaidi. Mto unaingia kwenye fremu ya plastiki ngumu. Fremu inashikwa kichwani kwa mikanda ya kitambaa inayovutika, na mbele yake ina kiwiko, kipande kilichopinda kinachopokea bomba. Kuzunguka kiwiko kuna matundu madogo sana, nayo yametobolewa kiwandani makusudi. Hewa ya mashine inaingia kwa bomba, na pumzi ya mgonjwa inatokea kwenye matundu hayo. Yakizibwa, mtu anaanza kuvuta tena pumzi yake mwenyewe iliyokwisha kutumika, na hiyo ni sumu ya polepole.

Mto huoshwa kila asubuhi kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi yanaufanya uteleze. Mikanda na bomba huoshwa mara moja kwa wiki. Hakuna kuchemsha, hakuna dawa ya kung'arishia nguo, na kukausha ni kivulini. Mto ukigeuka manjano, ukikakamaa au ukichanika, unabadilishwa. Mikanda ikilegea mpaka unalazimika kuikaza kila siku, nayo imekwisha. Vipande vilikuja kwa masanduku machache kutoka kwa marafiki wa Daktari huko ng'ambo, na mimi nilivilinda kama mayai.

Mtadhani haya ni mepesi. Julai ya Nyeri hakuna kinachokauka kivulini. Watu walianika mikanda juu ya jiko, wakaniletea ikinuka moshi wa kuni za mwakinge. Mama mmoja wa Othaya alichemsha mto kwenye sufuria mpaka ukajikunja, akaniambia kwa upole kwamba aliona huruma kumpa mumewe kitu kibichi. Mzee mwingine hakuweza kuacha ugoro. Alinusa, akavaa maski, na kila mwezi nilikuwa nikitoa tumbako kwenye fremu yake kwa kijiti cha pamba. Niliwagombeza wote. Nilikuwa mkali, na nilifikiri ukali ndio uangalifu.

Sasa niwaambie habari za Mzee Muriithi.

Alikuwa fundi wa baisikeli katika soko moja la Mwea, mzee wa kanisa, mwembamba wa miguu na mnene wa shingo. Kabla ya kupata mashine alikuwa akisinzia akinyoosha rimu. Alisinzia kanisani kwenye kiti cha mbele. Siku moja alisinzia akiendesha baisikeli kando ya mashamba ya mpunga, akaingia na baisikeli yake ndani ya mfereji. Walimtoa na matope mpaka masikioni, wakasema amelewa. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe akaambiwa amelewa, na wazee wenzake wa kanisa wakamwomba apumzike kidogo kwenye kazi ya uzee. Hilo lilimuuma kuliko mfereji.

Mashine ilimrudisha duniani. Baada ya mwezi mmoja alikuja kliniki ya Alhamisi akiwa amenyoosha mgongo, akaniambia, "Sista, nimesoma Zaburi yote bila kulala." Mkewe, Mama Njoki, alikuwa nyuma yake amebeba mfuko wa mchele kwa ajili ya Daktari. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na macho yake yalikuwa yamechoka. Alinieleza kwamba miaka mingi alikuwa akimsikiliza mumewe, akimsukuma kila anaponyamaza. Sasa alikuwa analala.

Walirudi miezi kadhaa baadaye. Mto ulikuwa umekakamaa na hewa ilikuwa ikimpuliza machoni. Niliubadilisha. Kliniki ilikuwa imejaa mpaka nje, wasichana wangu wawili walikuwa likizo, na mimi nilikuwa na haraka. Lakini haraka si sababu yote ya nilichokosa siku hiyo. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuzungumza na fundi. Wagonjwa wengine walinitazama tu, huyu aliuliza maswali ya maana. Alibonyeza mto kwa kidole gumba, akautazama ukingo wake.

"Na nitajuaje haivuji?" aliuliza.

"Washa mashine, pitisha mkono au shavu karibu nayo. Isivuje mahali popote, Mzee. Popote. Ikivuja hata kidogo unalala bure."

"Kama tyubu."

"Kama tu tyubu ya baisikeli," nilisema, na tukacheka.

Wagonjwa wapya niliowavalisha mimi niliwaonyesha matundu siku zote. Yeye hakuwa mpya, mara ya kwanza alivalishwa na mmoja wa wasichana wangu, sikumuuliza alionyeshwa nini, na nilimwona ni mwenzangu. Maneno ya yule askari wa Sagana yalikuwa kinywani mwangu, na karai la Metroni lilikuwa kichwani, na sikufikiria kwamba mbele yangu alikuwa amesimama mtu aliyetumia maisha yake yote kutafuta matundu na kuyaziba.

Wiki saba baadaye Mama Njoki alikuja peke yake. Alingoja mpaka watu walipopungua, akaingia kwa Daktari, nami nilikuwa mle ndani nikipanga masanduku.

"Daktari, Baba Njoki amerudi nyuma," alisema. "Alikuwa ameenda mbele, sasa amerudi nyuma kabisa. Asubuhi kichwa inauma mpaka anashika ukuta. Anasinzia akikula. Juzi alifunga kibanda, akaniambia ati niite fundi mwingine achukue vyombo."

"Anavaa mashine?"

"Kila siku anavaa."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. "Mama, hawa wote wanasema wanavaa. Mtu akiivaa vizuri hawezi kuwa hivyo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amedanganywa na wengi, wakisema wanaitumia kumbe iko chini ya kitanda. Tena kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi huko Kiriaini aliyekuwa akingoja mashine tangu mwaka uliotangulia, na mashine zote sita zilikuwa kwa watu. Alifunga faili akanigeukia. "Nyaguthii, kesho uende Mwea uilete. Kama hataki kuitumia, impate mwenye kuitaka."

Mama Njoki alisimama. Nilidhani atalia, lakini alisema tu, "Mkiichukua, ataanguka tena kwa maji. Na sasa hata nguvu ya kutoka hana." Akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake nilibadilisha gari Sagana nikafika Mwea kabla ya adhuhuri, na barua ya Daktari kwenye mkoba. Mzee Muriithi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba, amevimba macho. Aliinuka kunisalimia akayumba, Mama Njoki akamshika kiwiko. Nilimpa barua. Aliisoma polepole, akaikunja vizuri.

"Ni sawa," alisema. "Mashine si yangu. Mama Njoki, leta vyombo ya Sista."

Mama Njoki aliingia ndani akatoka na mashine imefunikwa kitambaa cheupe, na maski ndani ya mfuko wake wa pekee, mfuko safi wa pamba alioushona mwenyewe. Nilitoa maski nikaitazama jinsi nilivyozoea. Mto ulikuwa safi kuliko ule wa mgonjwa yeyote niliyewahi kuwa naye. Haukuwa na mafuta wala doa. Mikanda ilikuwa imeoshwa na kukaushwa kivulini, nilijua kwa kuigusa. Moyo wangu ulifurahi kidogo, nikiri hilo. Nikawaza, Daktari amekosea, huyu mtu anaivaa.

Kisha nikaigeuza.

Kuzunguka kiwiko palikuwa na kiraka cha tyubu, chembamba, kimekatwa kwa duara. Plastiki ilikuwa imekwaruzwa kwa msasa kwanza, gundi ikapakwa kwa kipimo, na kingo zilikuwa zimebonyezwa mpaka hapakuwa na mahali pa kuingiza ukucha. Ilikuwa kazi nzuri. Sijawahi kuona kiraka kizuri kuliko kile. Hapakuwa na tundu hata moja lililobaki wazi.

"Mzee," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "hii ni nini?"

Alichangamka kidogo kwa mara ya kwanza. "Hiyo niliona siku ile tulitoka kwako. Nilipitisha shavu vile ulisema. Hapo mbele ilikuwa inavuja, Sista, tundu ndogo ndogo. Nikasema hata huko kiwandani wanaweza kukosea. Nilitia ndani ya karai nione. Kwanza nilitumia gundi ya solushoni peke yake, ikatoka. Ndio nikaweka kiraka."

"Na kichwa ilianza kuuma lini?"

"Wiki hiyo hiyo," alijibu Mama Njoki. Alikuwa amenitazama usoni, na nadhani alijua kabla mumewe hajajua.

Nilikaa kwenye benchi. Niwaambie yaliyonipita moyoni, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike. Niliwaza kwamba barua ilikuwa inataka mashine irudi tu. Ningeiweka mkobani, nibandue kile kiraka njiani, nitupe fremu, na hakuna mtu duniani angejua. Faili lingesema mgonjwa hakuitumia. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na jina langu lilikuwa safi tangu siku ya Metroni. Mzee Muriithi angerudi kusinzia, na siku moja mfereji ungemchukua, au usingizi wenyewe, na watu wangesema alikuwa mlevi. Niliyawaza hayo yote. Hayakuchukua muda mrefu, lakini niliyawaza.

"Mzee, haya matundu si ya kuvuja," nilisema. "Ni ya pumzi yako kutoka. Umekuwa ukivuta hewa chafu yako mwenyewe wiki saba. Kosa si lako. Mimi ndiye nilikuambia isivuje popote, na sikukuonyesha haya. Kosa ni langu."

Mzee Muriithi alitazama kiraka, akatazama mikono yake. "Kumbe nilijifunga," alisema taratibu.

"Hukujifunga," alisema Mama Njoki. "Yeye ndio alikufunga." Akanigeukia. "Mimi nilikuwa namwambia avae. Unaskia? Akisema kichwa inauma, mimi ndio nilikuwa namwambia, vaa, Sista alisema uvae. Namvalisha na mikono yangu."

Niliomba msamaha, na maneno yalionekana madogo sana pale uani. Nilimwambia mzee alale akiwa ameketi, ameegemea mito, mpaka nitakaporudi kesho yake. Mashine niliiacha juu ya kitambaa chake cheupe. Nilibeba maski peke yake.

Daktari alikuwa anafunga ofisi nilipofika. Niliweka maski mezani.

"Mashine iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe. Ziba kwa kidole mahali pa bomba, ujaribu kupumua na hii, Daktari."

Alinitazama, akaiweka usoni, akafunga mdomo. Mashavu yalimvimba. Akaiondoa, akaigeuza, akaona kiraka.

"Nani alimfundisha hivi?"

"Mimi."

Nilimweleza yote, hata kicheko chetu cha tyubu. Nilitegemea atapaza sauti. Badala yake alivuta faili la Mzee Muriithi, akasoma alichokuwa ameandika jana, akakipiga mstari. "Na mimi niliandika kwamba anadanganya," alisema. "Mkewe alikuwa hapa mbele yangu, ananiambia." Kisha, bila kuniangalia, aliongeza kwamba angelazimika kuniandikia barua ya onyo, kwa sababu mgonjwa angeweza kufa. Nikamwambia aiandike. Ndiyo barua pekee ya namna hiyo katika faili langu, na ilistahili kuwemo.

Fremu mpya ilitoka kwenye sanduku la vipande alilowekewa mwalimu wa Kiriaini, kwa hiyo hata mashine ingepatikana, yeye angengoja vipande vingine. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, baadaye, na nikamwambia kwa nini. Alinisikiliza kwa adabu ya kiualimu iliyoniumiza zaidi ya matusi. Alipata mashine yake mwaka uliofuata.

Kesho yake nilikuwa Mwea tena. Nilivaa fremu mpya mimi mwenyewe kwanza, kabla sijaiosha, nikamwonyesha Mzee Muriithi pumzi yangu ikitokea mbele. Nilimshika mkono akapapasa matundu yote, moja baada ya jingine, akanieleza yeye kila moja ni la nini. Sikutosheka. Baada ya chakula cha mchana nilimwomba alale na maski nikiwa pale.

Alijilaza kwenye kitanda chao, mlango ukiwa wazi na jua likiingia mpaka miguuni pake. Mimi na Mama Njoki tuliketi kwenye viti viwili. Hakuwa amesema nami neno tangu asubuhi. Mzee alipitiwa na usingizi upesi, maskini, alikuwa na deni kubwa la usingizi. Tulisikiliza. Hakukoroma na hakunyamaza. Kifua kilipanda na kushuka bila kukatika, na mashine ilivuma taratibu pembeni.

Mama Njoki aliinuka akasogea kitandani. Aliweka kiganja chake mbele ya yale matundu, karibu bila kuyagusa. Palikuwa na upepo mdogo usiokatika, na kila mumewe alipotoa pumzi upepo ulizidi kidogo, kisha ukapungua, kisha ukazidi tena. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilimwona akilia, na mkono hakuuondoa.

"Ni yeye," alisema. "Naskia ni yeye."

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetoka kliniki yangu kwa kuambiwa tu. Nilimvalisha maski, nikamwita mke au mume au mtoto wake mkubwa, nikamwambia aweke kiganja mbele ya matundu na aniambie anasikia nini. Asiposikia kitu, hawaondoki. Wapya na wa zamani, walimu na mafundi, wote. Foleni ilikuwa ndefu na watu walinung'unika. Wasichana wangu walisema nimezeeka. Mzee Muriithi alirudishiwa kazi yake ya uzee kanisani, na Alhamisi nyingine alipanda Nyeri bila kuitwa, akakaa kwenye benchi la wanaongoja, akawaonyesha watu ile fremu yenye kiraka niliyoihifadhi kabatini. Aliwaambia ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ilikaribia kumuua. Walicheka. Mimi sikuweza kucheka, hata baada ya miaka.

Siku ya kuniaga, Katibu wa Hospitali alisimama akasema nimefanya kazi bila doa tangu ujana. Watu walipiga makofi. Nilipopewa nafasi ya kusema, niliwaomba wanisamehe, nikawaambia doa lipo, na lina jina na anwani ya Mwea. Niliwasimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Baadhi waliona aibu kwa niaba yangu. Keki ya kuniaga ililiwa kwa ukimya kidogo.

Mjukuu wangu ananiambia kwamba wagonjwa wa siku hizi hawasikii, wanafunzwa leo na kesho wanafanya yao. Najua. Nami niliwalalamikia, yule wa ugoro, yule wa sufuria, wale wa moshi. Lakini wale wote walinipuuza na hawakudhurika sana. Katika watu wote niliowafundisha kwa miaka ile, aliyekaribia kufa mikononi mwangu ni mmoja tu, naye ndiye aliyefanya kila nilichomwambia.